Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kurasa Zinazokula Sarafu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mmeshazipata kwa mweka hazina, na ada inabaki ileile. Nafasi hii naitumia kwa jambo moja lililoishughulisha sana kamati: uharibifu uliokutwa kwenye albamu za sarafu zilizoletwa kukaguliwa. Mara nyingi haukutokana na vidole wala unyevu, bali kurasa zenyewe.

Kurasa laini zinazonata kidogo na kutoa harufu kali ya plastiki mpya kwa kawaida ni za PVC. Plastiki hiyo hutiwa kilainishi, ambacho baada ya muda hutoka na kutanda juu ya sarafu. Joto likizidi, PVC hutoa pia asidi ya hidrokloriki, nayo hula shaba, na hata fedha iliyochanganywa na shaba. Inamisha sarafu chini ya taa: uso wenye ukungu, au vidoa vya kijani vinavyonata kandokando ya herufi, ndiyo dalili ya mwanzo.

Ukiwa na mashaka na ukurasa, kata kipande kidogo. Pasha waya wa shaba hadi mwali usiwe na rangi ya kijani, ugusishe kwenye kipande hicho ungali moto, kisha urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani, dalili ya PVC. Fanyia nje, maana moshi wake si wa kuvuta.

Utando mpya huondolewa kwa asetoni safi (kiyeyushi), si dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwani hiyo mara nyingi ina mafuta na manukato. Tumia bakuli la kioo, loweka sarafu dakika kadhaa, igeuze, badilisha asetoni, halafu iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Madirisha yawe wazi na pasiwe na moto karibu. Sarafu zilizotiwa rangi zisiguswe na asetoni kabisa. Pale ambapo kijani kimeshachimba, shimo halirudi.

Kurasa mbadala ziwe za poliesta, polipropilini au polithini. Poliesta ni ngumu na kingo zake hukwaruza, kwa hiyo panua mdomo wa mfuko kabla ya kutoa sarafu. Wanaotumia fremu za kadibodi wazibonyeze pini za stepla kwa koleo hadi zilale kabisa. Pini iliyosimama humkwaruza jirani wa ukurasa wa pili albamu ikifungwa. Na usivute sarafu kabla hujatoa pini zote.

Albamu za matundu zenye vipande vya plastiki vya kutelezesha zina kosa lao: kipande kikipita juu ya sarafu iliyoinuka huacha mistari sambamba shavuni na kwenye nywele za sura, sehemu zilizo juu kuliko zote. Sarafu ikae chini ya usawa wa ukurasa. Ukiisukuma ndani ya tundu, bonyeza karibu na ukingo kwa kitambaa laini, kamwe si dole gumba katikati ya uso.

Kuhusu glovu za pamba, wajumbe hawakukubaliana. Kwa maoni yangu hupunguza hisia za vidole na sarafu huponyoka. Mikono iliyooshwa na kukaushwa, ikishika ukingo tu juu ya kitambaa kinene, inatosha. Msizungumze mkiwa mmeinamia sarafu, kwani chembe za mate huacha madoa meusi.

Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 50, mkisaidiwa na silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu, ambayo ikishiba inapaswa kukaushwa upya. Sarafu za shaba zenye unga wa kijani kibichi zitengwe mara moja. Raba za kufungia zisikae karibu na sarafu za fedha, zina salfa inayozitia weusi.

Kamati inaleta hoja mbili za kupigiwa kura: kurasa za PVC zipigwe marufuku kwenye meza ya kubadilishana, na chama kinunue kurasa za polipropilini kwa jumla ili wanachama wazipate kwa bei ya kununulia. Marekebisho ya hoja yamfikie katibu kabla ya mkutano.