Lawama ya gasketi za Subaru iende kwenye injini inayohusika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kauli inayorudiwa kila linapotajwa gari la Subaru, kwamba injini zake zote huunguza gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku yenye silinda na hedi inayoifunika. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila imetandazwa mno. Ugonjwa huo una injini yake, una miaka yake, na una chanzo kinachopimika kwa rula. Anayeubebesha kila gari lenye nembo ile humfukuza mnunuzi kwenye gari lisilo na tatizo, na wakati huohuo humwacha mwenye gari bovu akibadilisha rejeta na feni bila kupona.

Kampuni hii ilizaliwa kwenye ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, ofisa mhandisi aliyeacha kazi jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya ndege huko Ota, mkoani Gunma. Kampuni yake ndiyo iliyotengeneza injini ya Sakae, iliyofungwa kwenye ndege za kivita za Zero. Vita vilipokwisha mwaka 1945 ilizuiwa kutengeneza ndege, ikapewa jina la Fuji Sangyo, kisha ikavunjwa vipande 12. Wahandisi waliobaki walitoa skuta ya Rabbit mwaka 1946, wakitumia magurudumu ya mkia wa ndege yaliyobaki stoo. Mwaka 1953 vipande vitano viliungana na kuunda kampuni ya sita, Fuji Heavy Industries. Hizo ndizo nyota sita za kilimia kwenye nembo, moja kubwa na tano ndogo. Jina la Subaru Corporation lilikuja Aprili 2017.

Gari lililoipa kampuni jina nyumbani ni Subaru 360 ya mwaka 1958, kazi ya mhandisi Shinroku Momose aliyetoka upande wa ndege. Lilikuwa na kilo 385 tu na injini ya cc 356 nyuma, na Wajapani walilipenda. Marekani mambo yalikuwa mengine. Malcolm Bricklin aliliingiza huko mwaka 1968 kwa sababu magari yaliyo chini ya pauni 1,000, yaani kilo 454 hivi, hayakubanwa na sheria za usalama za wakati ule. Mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likalitangaza kuwa halikubaliki. Sifa ya Subaru katika nchi ambayo baadaye ingekuwa soko lake kubwa kuliko yote ilianza kwa gari moja lisilofaa barabara zile, na kampuni ilihitaji miaka mingi kuifuta. Naitaja habari hii kwa kuwa kisa cha gasketi kinafanana nayo sana.

Injini ya boksa ilikuja na Subaru 1000 ya mwaka 1966. Silinda nne zimelazwa, mbili kushoto na mbili kulia, na kila pistoni ina mwenzake anayekwenda upande wa pili kwa wakati uleule, hivyo mtikisiko wa mmoja unafutwa na mwenzake. Krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inakuwa fupi, uzito unakaa chini, na gia boksi inapangwa nyuma ya injini katika mstari mmoja. Mpangilio huo ndio uliorahisisha kuendesha magurudumu manne, kwa maana shafti ya kwenda nyuma inatoka moja kwa moja mwishoni mwa gia boksi. Kampuni ya umeme ya Tohoku, yenye nyaya katika milima ya theluji, ilihitaji gari la kazi lenye starehe kuliko jipu. Magari ya majaribio yakatengenezwa, na mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaanza kuuzwa. Mwaka 1989 ikaja Legacy na familia mpya ya injini zinazoitwa EJ. Kabla haijaingia sokoni, Legacy ya EJ20 yenye turbo ilizungushwa katika uwanja wa majaribio huko Arizona kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa. Ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji ulifuata mwaka 1995, 1996 na 1997.

Kwa hiyo boksa kama boksa haina dhambi. Tatizo liliingia pale injini ilipokuzwa. EJ20 ina silinda za upana wa milimita 92. EJ22, ambayo mafundi wengi huihesabu kuwa ngumu kuliko zote, ina milimita 96.9. EJ25, ile ya cc 2,500, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990 ikapanuliwa hadi milimita 99.5, huku umbali kati ya senta za silinda ukibaki vilevile. Ukilinganisha na EJ20, chuma kilichopo kati ya silinda mbili za jirani kimepungua milimita 7.5. Hapo ndipo gasketi inapotakiwa kuzuia moto wa mlipuko upande mmoja na maji upande mwingine, na nafasi ya kukalia imebaki nyembamba. Juu ya hayo, gasketi ya awali ilikuwa ya mchanganyiko wenye tabaka laini, ambalo huchoka kwa bloku na hedi za alumini kutanuka na kusinyaa kila injini inapopata joto na kupoa.

Hata ndani ya EJ25 kuna magonjwa mawili, na kuyachanganya ndiko kunakogharimu watu.

La kwanza ni la EJ25D yenye kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili kila upande, iliyotoka hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hii huvuja kwa ndani. Gesi ya mlipuko inapenya kwenye njia ya maji, inasukuma maji kwenda chupa ya akiba, kisha hewa inajaa na gari linachemsha, mara nyingi baada ya mwendo mrefu wa kasi na si kwenye foleni. Fundi akivuta kijiti cha oili hakuti oili iliyogeuka rangi ya maziwa, akitazama eksozi haoni moshi mweupe, anaamua gasketi ni nzima. Anakosea. Kwa injini hii dalili iko kwenye chupa ya akiba. Pasha injini hadi feni ziwake na kuzima mara mbili, hakikisha hewa ya kawaida imeshatolewa, kisha tazama ndani ya chupa. Viputo vidogo visivyokoma, maji yaliyopanda kupita alama na utando mweusi ukutani ni gesi ya eksozi. Uthibitisho ni kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi hiyo. Mdomo wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa baridi tu, na maji yapunguzwe kidogo yasifike kwenye dawa.

La pili ni la EJ251 na EJ253 zenye kamshafti moja kila upande, zilizotumika hadi karibu mwaka 2011. Hizi huvuja kwa nje. Kwa kuwa hedi imelala, ukingo wake wa chini hukaa ndani ya oili na kolanti (maji ya kupozea injini) muda wote, na huko ndiko unyevu unapoanza kutokeza, kwanza jasho, kisha matone. Chunguza kwa tochi kutoka chini ya gari, kwenye mstari wa kukutania hedi na bloku, ukianza na kona ya nyuma. Usiridhike na kuona oili, kwani kava za valvu zikivuja hudondosha oili palepale. Safisha kwanza, tembea siku chache, kisha angalia ilikotokea. Jasho dogo la oili linaweza kusubiri matengenezo ya mkanda wa taimingi. Kolanti inayodondoka haisubiri.

Matengenezo yenyewe hufanywa vibaya kuliko ugonjwa ulivyo. Badilisha pande zote mbili hata kama umevuja mmoja. Tumia gasketi ya tabaka kadhaa za chuma, kisha ukubali masharti yake, kwani aina hii haisamehi uso wenye mikwaruzo. Pima hedi kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mpindo usizidi milimita 0.05, na vitabu vya injini za baadaye vinataka chini ya hapo. Hedi ipelekwe kwenye mashine. Bloku isafishwe kwa mkono, msasa ukiwa umefungwa kwenye kipande cha chuma kilichonyooka. Visahani vya msasa vya kuzungushwa kwa mota huchimba alumini, na vumbi lake likiingia kwenye oili hula beringi za krenki. Injini nyingi zilizogonga wiki chache baada ya kubadilishwa gasketi ziliuawa na vumbi hilo.

Hedi ina bolti sita. Pakeni oili nyuzi na washa zake, kazeni kwa kufuata mpangilio wa kitabu hadi nyutoni-mita 29, kisha 69. Legezeni zote nusu mzunguko, halafu nusu mzunguko tena. Hapo ndipo kunafuata mkazo mdogo ulioandikwa kwa injini husika, na mwisho zungusheni digrii 80 hadi 90, mara mbili. Anayeruka hatua ya kulegeza anafunga bolti juu ya msuguano, na gasketi haibanwi sawasawa. Wakati wa kujaza maji, fungueni skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, jazeni polepole, na hita iwe kwenye joto la mwisho. Themostati, valvu inayofunguka kwa joto la maji, iwe ya umbo la Subaru. Yake imekaa kwenye mlango wa kuingilia pampu, na ile ndogo ya kuigiza hufunguka kwa kuchelewa.

Mkanda wa taimingi wa EJ, unaounganisha krenki na kamshafti, hubadilishwa kila kilomita 100,000 kwa ratiba ya Japani, pamoja na puli zote, kikaza mkanda na pampu ya maji, maana pampu inazungushwa na mkanda huohuo. Kwenye EJ25 mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kosa linaloharibu injini nzuri ni kufuata mshale uliochorwa usoni mwa gia ya krenki. Alama ya kweli ni mfuo mdogo kwenye jino la nyuma ya gia hiyo, panaposomwa na sensa.

Upande wa magurudumu manne, kinachoua ni matairi. Mzingo wa tairi moja usitofautiane na mwingine kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi jipya moja na makuukuu matatu huifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika, kwenye gia za mkono ikapika kiungo chake cha mafuta mazito, na kwenye otomatiki ikala klachi zake. Ukikata kona kali taratibu na gari likawa kama linashikwa breki, tatizo limeshafika. Otomatiki nyingi za zamani zina tundu la fyuzi lenye maandishi FWD, yaani kuendesha magurudumu ya mbele pekee, chini ya boneti. Fyuzi inachomekwa hapo pale tu tairi la akiba linapotumika.

Zipo lawama ambazo kampuni inastahili kuzibeba yenyewe. Mwaka 2017 ilikiri kwamba ukaguzi wa mwisho wa magari kiwandani huko Gunma ulikuwa ukifanywa na watu wasio na kibali, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba takwimu za moshi na ulaji wa mafuta zilibadilishwa. Mwaka 2019 iliita magari zaidi ya milioni 2 duniani kwa sababu ya swichi ya taa za breki, ambayo mvuke wa silikoni kutoka kwenye dawa za kung'arishia uliweza kuikatisha umeme. Haya ni mazito kuliko gasketi, kwa sababu gasketi lilikuwa kosa la usanifu na yale ya Gunma yalikuwa ya uaminifu. Ajabu ni kwamba wanunuzi huyataja kwa nadra.

Anayetaka kununua aanze kwa kujua injini iliyo mbele yake, na haihitaji kufungua kitu. Kava za plastiki mbele ya injini na chujio la oili lililofungwa chini ni dalili za EJ yenye mkanda. Aulize ni cc ngapi, na kama ni 2,500 atazame chupa ya akiba na kingo za hedi kama nilivyoeleza. Akikuta kava ya chuma mbele na chujio la oili limesimama juu, wazi machoni, hiyo ni FB, ya kizazi kilichoanza mwaka 2010, inayotumia cheni. Hapo maswali ya mkanda na ya gasketi ile hayahusu. Baadhi ya FB za mwanzo zilikula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na zilifikishwa mahakamani Marekani. Basi avute kijiti cha oili, aulize oili ilibadilishwa kilomita ngapi zilizopita, na ajue kati ya hapo imeongezwa kiasi gani.

Msomaji wako,
Fundi wa injini