Wingu la pamoja la kumbukumbu zetu lije, ila mkataba usiandikwe na muuzaji

Ndugu Mhariri,

Tafadhali tupatie nafasi katika gazeti lako tuchangie hoja inayozidi kusikika miongoni mwa wenye makumbusho, maktaba na ofisi za nyaraka: kwamba picha za miswada, kanda za redio na kumbukumbu nyingine zilizokwisha kuingizwa kwenye kompyuta zikusanywe na kuhifadhiwa kwenye wingu moja, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao, taasisi zikichangia gharama. Tunaiunga mkono. Tunachohofia ni kuona fedha zote zinaishia kwenye kununua nafasi, na swali la data itarudishwaje siku ya ajali likaachiwa kampuni inayouza.

Kwanza ukubwa wa mzigo, maana wengi hukisia tu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, ukahifadhiwa kama TIFF (muundo wa faili la picha) isiyobanwa kupunguza ukubwa, unakula takriban megabaiti 46. Kurasa 10,000, ambazo kwa mkusanyo wa miswada ya pwani si nyingi, ni gigabaiti 460 na kidogo. Saa moja ya kanda ya zamani ya redio ikinakiliwa kwa stirio, kilohezi 96 na biti 24, ni gigabaiti 2 na ushei. Taasisi tano sita zikiungana zinafika terabaiti 20, yaani gigabaiti 20,000, bila kutoka jasho. Leo mzigo wa namna hiyo aghalabu umetawanyika kwenye diski za nje zilizofungiwa kwenye droo, katika chumvi na unyevu wa pwani, na anayejua kipi kiko wapi ni mtu mmoja anayekaribia kustaafu.

Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 110 kwa wingu la pamoja la urithi wa utamaduni, na mradi wa kuliunda, ECHOES, ulianza Juni 2024. Sababu mojawapo ni makumbusho madogo yasiyoweza kuajiri fundi wala kujenga chumba cha seva. Huku kwetu sababu hiyo ina uzito maradufu.

Sasa tuje kwenye ajali, kwa sababu ndizo zinazofundisha mkataba uandikweje. Picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na maktaba hiyo ya London ndiyo huzionyesha mtandaoni. Oktoba 2023 maktaba ilivamiwa na wadukuzi wa kundi la Rhysida. Ripoti yake yenyewe ya Machi 2024 inasema yaelekea waliingilia kwenye seva ya kufanyia kazi kwa mbali isiyokuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Wasomaji walikaa miezi mingi bila kufikia makusanyo ya kidijitali. La kuzingatia ni hili: nakala salama za makusanyo hayo zilikuwapo. Kilichokosekana ni mitambo ya kuzirudishia, kwa kuwa mifumo mingi ilikuwa ya kizamani na haikuweza kuinuliwa tena baada ya kuharibiwa. Kwa hiyo anayeuliza "mna bakapu?" ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni itarudishwa wapi, na nani, kwa siku ngapi.

Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kiliungua. Moto ulianzia kwenye betri za lithiamu za mitambo ya kulinda umeme usikatike, wakati zikihamishwa. Terabaiti 858 za watumishi wa umma zilizokuwa kwenye hifadhi inayoitwa G-Drive zilipotea, kwa sababu hifadhi hiyo ilionekana kubwa mno kuwekewa nakala mahali pengine. Na watumishi walikuwa wameelekezwa kuweka kazi zao humo badala ya kwenye kompyuta za ofisini. Miaka minne kabla yake, 10 Machi 2021, kituo cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba bakapu waliyokuwa wakiilipia ilikuwa imewekwa hapohapo ilipo data yenyewe. Kesi ilifika mahakamani na kampuni ikaamriwa kulipa fidia. Fidia hulipa hasara ya biashara, lakini haimrudishii mtu picha ya mswada ambao wenyewe umeshaliwa na mchwa.

Kutokana na hayo, zabuni yoyote iseme waziwazi: nakala tatu, moja kwenye wingu la kazi, yaani la matumizi ya kila siku, ya pili kwa mtoa huduma mwingine au kwenye kituo cha nchi nyingine, ya tatu nje kabisa ya mtandao. Hiyo ya tatu tunashauri iwe kwenye LTO, aina ya kanda za sumaku za kuhifadhia data. Kanda moja ya LTO-9, yaani ya kizazi cha tisa, hubeba terabaiti 18 bila kubana, kwa hiyo terabaiti 20 ni kanda mbili tu, na mashine moja ya kuzisoma, ambayo bei yake ni dola elfu kadhaa, yatosha kwa muungano mzima. Mdukuzi hawezi kufuta kanda iliyoko kabatini. Ila kanda hizo hutaka nyuzijoto 16 hadi 25 na unyevu usiozidi asilimia 50, basi zisiwekwe Unguja wala Lamu. Ziwekwe Dodoma au Nairobi, kwenye chumba kinachodhibitiwa joto na unyevu. Na zihamishwe kwenye kizazi kipya kila baada ya miaka saba hadi kumi, kwa sababu mashine za LTO-9 husoma kizazi kimoja tu cha nyuma, na za LTO-10 hazisomi hata kimoja.

Kuna kosa jingine tunalotaka kulitaja kwa jina: kudhani kwamba programu ya kulinganisha folda mbili ni bakapu. Programu hiyo ikiona umefuta faili huku, inafuta na kule. Virusi vikifunga faili zako kwa nywila ya wezi, nayo inapeleka zile zilizofungwa juu ya nzima. Kwenye wingu washeni kipengele cha kutunza matoleo ya nyuma, kisha kile cha kuzuia ufutaji kwa muda maalumu, ambacho hata msimamizi mwenye mamlaka yote hawezi kukizima kabla ya siku kufika. Akaunti kuu iwe ya muungano, yenye uthibitisho wa hatua mbili, si barua pepe binafsi ya mfanyakazi mmoja.

Kazi ngumu zaidi hufanyika kabla ya kupakia chochote, na ndiko miradi mingi inakoharibikia. Kila kundi la faili lifungwe kwa utaratibu wa BagIt, uliochapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8493, waraka katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti. Hauhitaji gharama: ni folda iitwayo data, na pembeni yake faili la maandishi lenye orodha ya kila faili pamoja na alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotolewa na programu baada ya kusoma faili zima. Biti moja ikibadilika, alama yote hubadilika. Mpokeaji anapiga hesabu upya na kulinganisha. Baadaye zoezi lirudiwe angalau mara moja kwa mwaka kwenye nakala zote.

Linalosumbua ni mambo madogo. Fundi anatengeneza orodha, kisha mtu anafungua folda kwenye Windows kuchungulia picha, na toleo fulani la Windows linaacha humo faili la siri liitwalo Thumbs.db. Mac nayo huacha .DS_Store. Faili hilo halimo kwenye orodha, basi ukaguzi unakataa furushi zima, na watu wanaanza kudhani data imeharibika njiani. Dawa ni kufuta takataka hizo kwanza, kufunga furushi, kisha kulifanya la kusomwa tu.

Jingine linatuhusu sisi wa pwani zaidi kuliko wengine: majina ya faili kwa hati za Kiarabu. Alifu yenye hamza juu yake inaweza kuandikwa kwenye kompyuta kama herufi moja, au kama alifu na hamza mbalimbali. Jicho halioni tofauti yoyote. Kompyuta inaona majina mawili. Mac za zamani hubadilisha aina ya kwanza kuwa ya pili kimyakimya, kwa hiyo orodha iliyotengenezwa kwenye Linux inalalamika kwamba faili halipo na wakati huohuo kuna faili geni. Jina la faili liwe la herufi za kawaida na namba tu, kwa mfano LMU_0042_017a.tif, ambapo 017 ni karatasi na a ni upande wa mbele. Jina la mswada, la mtunzi na la mnakili yaingie kwenye jedwali la maelezo, kwa Kiarabu na kwa herufi za Kirumi, katika Unikodi, mfumo wa kompyuta unaobeba herufi za hati zote. Na jedwali hilo likubali kwamba utendi na utenzi ni kitu kimoja, la sivyo anayetafuta kwa tahajia ya Lamu hatapata kilichoingizwa kwa tahajia ya Unguja.

Namna ya kupeleka data nayo ihesabiwe. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja inachukua siku tisa usiku na mchana bila kukatika, na terabaiti 20 ni nusu mwaka hivi. Mzigo wa kwanza usafirishwe kwa diski zilizofungwa kwa nywila, kwa gari au kwa boti, ukakaguliwe ufikapo. Mtandao ubaki kwa nyongeza za kila wiki. Tena tukumbuke 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Vyuo vyetu tayari vina mitandao yao ya pamoja, TERNET kwa Tanzania na KENET kwa Kenya, inayokutana ndani ya UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya namna hiyo. Wingu la kazi likikaa kwenye mitandao hiyo, msomaji wa Dar es Salaam anafungua kilichohifadhiwa Dar es Salaam hata mkongo ukikatika. Wingu la kampuni kubwa, ambalo vituo vyake vikubwa vya karibu viko Afrika Kusini, litumike kwa nakala ya pili.

Kuhusu bei, wauzaji hupenda kutaja ada ya kuweka na kunyamazia ada ya kutoa. Kwa bei za orodha za vituo vya Marekani, hifadhi ya kawaida ni kama dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi, yaani dola 460 kwa terabaiti 20. Hifadhi ya baridi, ya vitu visivyoguswa, inashuka hadi dola 20 hivi kwa mwezi kwa mzigo uleule, lakini kuomba faili kunaweza kuchukua saa 12 hadi 48. Kuzitoa zote mara moja kwenda nje ni karibu dola 1,750. Tangu 2024 kampuni kubwa huweza kusamehe ada hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja, akiomba kwanza na kutimiza masharti. Haki hiyo iandikwe kwenye mkataba pamoja na muda wa kukabidhi data, na data itoke katika muundo wa wazi, si muundo ambao programu ya kampuni hiyo peke yake ndiyo inaufungua. Afrika Kusini bei iko juu zaidi, kwa hiyo msikubali makadirio ya bei za Virginia, Marekani.

Suala la nani aone nini halikai kwenye kifungu kimoja cha sheria. Kanda za redio zina haki za wanamuziki na warithi wao. Nyimbo za unyago zilizorekodiwa na watafiti hazikuimbwa ili zisikilizwe na kila mwenye simu. Familia iliyotoa mswada wenye dua na hirizi ina haki ya kusema kurasa fulani zisomwe kwa ruhusa tu. Mfumo uwe na ngazi za ufikiaji tangu siku ya kwanza, na kila faili libebe masharti yake ndani ya maelezo, si kwenye daftari la ofisi. Programu ya Mukurtu, iliyoanza na jamii ya Warumungu wa Tennant Creek, Australia, imeshaonyesha hilo linawezekana na ni ya bure.

Mwisho, tunaomba kipengele kimoja kiwekwe kabla ya malipo ya kwanza. Muungano uchague furushi moja kutoka kila taasisi bila kumwambia mtoa huduma ni lipi, udai zirudishwe kwenye seva tupu ambayo haijawahi kuunganishwa na mfumo huo, kisha mkutubi, si mhandisi wa kampuni, apige hesabu ya alama na kufungua kurasa. Muda uliotumika uandikwe. Zoezi lirudiwe kila mwaka, na sehemu ya malipo ya mwaka izuiliwe mpaka lifaulu. Kuliendesha wingu lenyewe kunahitaji ajira mbili za kudumu katika bajeti za taasisi zenyewe, kwa sababu mfadhili wa miaka mitatu akiondoka, ada ya mwezi inabaki palepale.

Wahifadhi na mafundi wa kumbukumbu za kidijitali,
Unguja na Dar es Salaam