Malalamiko Kuhusu Ngazi ya Futi 24 Iliyobandikwa Stika ya Kilo 150

Huduma ya Usafi wa Madirisha,
Sinza, Dar es Salaam.
17 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: NGAZI YA ALUMINI NILIYONUNUA KWENU TAREHE 22 FEBRUARI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina kikundi cha vijana wanne, kazi yetu ni kusafisha vioo vya madirisha kwenye nyumba za ghorofa, zaidi Mikocheni, Masaki na Upanga. Jumamosi ya tarehe hiyo nilinunua kwenu ngazi ya kuvuta, vipande viwili, kwa Sh 520,000, na risiti ya EFD ninayo. Jumatano ya tarehe 5 Machi ngazi hiyo iliteleza na kijana wangu mmoja akaanguka. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, ndio mkono wake wa kazi. Amefungwa P.O.P. mpaka karibu na kiwiko.

Kabla sijaeleza ya ajali, nianze pale kaunta, kwa sababu tatizo lenyewe lilizaliwa pale.

Sikuja kununua ngazi kama mtu anayenunua ndoo. Nilimwambia kijana wenu wa mauzo kazi yetu ni ipi, nikamweleza kwamba mtu anapanda na maji, anafanya kazi kwa mkono mmoja, na chini mara nyingi ni marumaru au pevingi iliyolowa. Nikamuuliza inabeba kilo ngapi. Hakutazama popote, akapiga bomba la ngazi kwa kiganja, akasema, "Bosi, hii ni hevi dyuti, hata wawili mnapanda." Nikamwuliza miguu yake ikoje kwenye marumaru. "Mpira huo, mkubwa, haitelezi." Nilipouliza kama kuna za faiba, yaani za nyuzi za kioo, akasema za alumini ndizo nzuri, hazishiki kutu. Kweli hazishiki kutu. Lakini alumini inapitisha umeme, na mtu wa madirisha anafanya kazi pale pale ambapo waya wa TANESCO unatoka nguzoni kuingia nyumbani. Faiba ikiwa kavu na safi haipitishi. Muuzaji wa ngazi anatakiwa alijue hilo kabla yangu.

Nikaangalia stika. Ilikuwa ya njano, imeandikwa EN 131, yaani kiwango cha Ulaya cha ngazi, kilo 150, na kwamba ngazi imetengenezwa 2022. Nikalipa.

Sasa ajali. Nyumba ilikuwa Mikocheni, dirisha la ghorofani juu ya kibaraza cha marumaru. Ngazi tuliisimamisha kwa kipimo tunachofundishana siku zote: kila mita nne za kwenda juu, mguu unatoka ukutani mita moja. Iliegemea ukuta pembeni ya dirisha, si kwenye kioo. Kijana alikuwa kipandio cha sita, kama mita mbili hivi kutoka chini, anavuta maji kwenye kioo kwa mpira wa kukaushia. Mguu wa kushoto ukaanza kwenda. Mimi nilikuwa getini nikasikia mlio wa kukwaruza, mrefu, kisha ndoo. Kabla sijafika alikuwa chini, nusu yake kwenye sakafu na nusu kwenye maua ya ukutani, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto.

Nakiri la kwangu. Ngazi ile tulitakiwa tuifunge kamba, na mwenzake aliyekuwa ameshika chini alikwenda kufungua bomba. Hilo ni kosa langu kama msimamizi na nimelibeba. Gharama za hospitali nimelipa mwenyewe, na sikuandika barua hii kuomba mnirudishie hizo.

Ninachowaandikia ni nilichokiona baadaye, nilipoigeuza ngazi.

Ule "mpira" wa miguuni si mpira. Ni kofia ya plastiki ngumu, imepigwa ribeti moja kila upande. Nimeibonyeza kwa ukucha, haibonyei. Nimeigonga kwenye marumaru, inalia kama kijiko. Mguu wa ngazi ya kazi una soli ya mpira mpana unaocheza kwenye bawaba ili ulale wote sakafuni kwa pembe yoyote. Huu wenu unagusa kwa ukingo tu.

Pili ni stika. Maji ya sabuni yalikuwa yameinua kona yake. Nikachukua wembe tunaokwangulia matone ya rangi kwenye vioo, nikaibandua taratibu. Chini yake kuna stika nyingine, ya kiwandani, nyeupe. Inasema daraja la III kwa viwango vya Marekani, paundi 200. Hizo ni kilo 91 hivi. Hilo ni daraja la chini la matumizi mepesi ya nyumbani, ngazi ya kubadilishia balbu na kupakia rangi chumba siku ya mapumziko, na uzito huo unahesabu mtu pamoja na kila alichobeba. Kijana wangu ana kilo 78. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10 za maji. Ongeza ndoo yenyewe, buti, na mkanda wa vifaa kiunoni, weka kilo nne. Jumla 92. Alikuwa amezidi kwa kilo moja kwenye ngazi mliyoniambia inabeba wawili.

Ndugu Meneja, stika yenu ya njano haiwezi kuwa kweli hata kwa kuisoma yenyewe tu. Kiwango cha EN 131 cha Ulaya kilibadilishwa, na tangu mwaka 2018 ngazi mpya ya kuegemeza inayofika mita tatu au zaidi lazima kitako chake kiwe kipana kuliko mabomba yake, kwa kawaida kwa kufungwa upau wa kukingama miguuni. Ngazi "iliyotengenezwa 2022" ingekuwa nao. Hii haina upau, wala haina matundu ya boliti ambapo ungefungwa. Kwa hiyo kuna mtu alichapisha namba anazojua wateja wanazitafuta, akazibandika juu ya namba za kweli. Kama ni ninyi, kama ni aliyewaletea mzigo, mimi sijui. Ninyi ndio mlioniuzia.

Na hizo futi 24 mnazoitangazia ngazi hii, hata kama kosa hilo si kubwa kama mengine, zinapotosha. Ni vipande viwili vya futi 12. Vikivutwa lazima vilaliane futi tatu, kwa hiyo inabaki futi 21, na ukishailaza kwa pembe ya kazi inapungua tena. Juu hapo mtu hasimami kwenye vipandio vitatu vya mwisho. Mteja asiyejua anakwenda kuitafuta ile futi ya 24, anavuta mpaka vipande vinashikana kwa ncha. Muuzaji mwenye nia njema anamuuliza mteja dirisha liko juu kiasi gani, halafu anamwambia urefu wa kununua.

Tarehe 8 Machi niliirudisha ngazi dukani kwenu. Nilionyeshwa kibao ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi," na kijana mwingine akanishauri nikanunue raba za magongo niivishe miguuni. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Ninaomba haya. Mnirudishie Sh 520,000 zangu, au mnibadilishie kwa ngazi ya faiba ya daraja la IA, yaani paundi 300, karibu kilo 136, yenye miguu ya mpira wa bawaba. Tofauti ya bei nitaongeza mwenyewe. Mnieleze kwa maandishi stika ya njano ilibandikwa na nani. Na ngazi nyingine za mzigo uleule, ambazo tarehe 8 niliziona bado zimesimama mlangoni, tano au sita, mziondoe mpaka stika zake zibanduliwe, na waliokwisha kununua wapigiwe simu. Mnazo namba zao, kwa sababu yangu mliiandika kwenye daftari.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka ngazi na stika zote mbili Shirika la Viwango Tanzania, na malalamiko kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji. Kibao cha ukutani sidhani kama kinaishinda sheria.

Ngazi iko kwangu Sinza, nimeifunga mnyororo ili asije mtu akaiazima. Mnaweza kutuma mtu kuikagua siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Stika ya njano nimeihifadhi kwenye bahasha pamoja na risiti, nakala za picha nimeambatanisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki,
Huduma ya Usafi wa Madirisha, Sinza.