Barua ya wazi kwa Waziri wa Turathi: zile nguzo za Turkana ni makaburi, zilindwe

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu kutoka huku Lodwar, jua ni kali kama kawaida.

Ukitoka hapa kwenda Kalokol, kabla hujafika ziwani, kuna nguzo 19 za mawe meusi karibu na barabara, zingine zimeinama kabisa, tunaziita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Wazee wanasema walikuwa watu wanacheza ngoma wakageuzwa mawe, ndio maana mpita njia huokota kijiwe akaweka juu ya nguzo ndio aendelee na safari, hata mimi nikiwa mdogo mama alinishika mkono nikaweka changu. Juzi nimepita nikakuta vijana wanapiga selfi, mmoja amepanda juu na mwingine anasukuma nguzo na mguu aone kama itatingika. Niliumia roho jameni, lakini nani aliwahi kuwakalisha chini awaambie pale ni wapi?

Na Lothagam je, lile eneo lingine la nguzo huku huku Turkana, karibu na ziwa? Huko wataalamu walipata kaburi moja la pamoja lenye watu wasiopungua 580, wazee, wamama, watoto wachanga, wote wamelala pamoja, wamezikwa na wafugaji miaka kama 5,000 iliyopita wakati mvua zilikuwa zinapotea na ziwa linarudi nyuma. Nguzo zingine walizitoa mbali kama kilomita moja, kwa mikono yao! Karibu kila mtu alizikwa na urembo wake, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, mawe ya rangi, kuna mmoja alikuwa na pambo la kichwa la meno ya panya wa jangwani, meno zaidi ya 400, hebu fikiria mtu aliyekaa chini akayapanga moja moja. Na hakuna dalili kwamba kuna tajiri alitengewa mahali pake.

Mheshimiwa, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inakupa uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi kupitia Gazeti la Serikali. Tunaomba kila eneo la nguzo lipimwe mipaka, litangazwe kama bado, na muajiri vijana wa hapo hapo kulinda na kuelezea wageni, kabla tingatinga la barabara ama mtu wa kuchimba kokoto hajafika. Ua la waya peke yake halitoshi, na lisije likamzuia mama mwenye mtoto kuweka kijiwe chake.

Nangoja jibu lako.

Mkaaji wa Lodwar