Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Makete

Mwanangu mpendwa,

Tumepata habari kwamba umepangiwa kufundisha Makete na kwamba unatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Juni. Mama yako alikwisha kuwatangazia majirani hata kabla sijamaliza kuusoma ujumbe wako, nami pia nimefurahi. Lakini tangu siku ile sipati usingizi, kwa sababu Juni na Julai ndiyo miezi ambayo kule juu umande huganda juu ya majani, nawe tangu utotoni huiwezi baridi.

Usiingize jiko la mkaa chumbani. Usiniambie kwamba wewe ni mwalimu na unayajua hayo, kwa maana mdogo wako naye alifaulu kemia.

Watu hudhani hatari ni moshi, ndiyo maana hungoja mkaa ukolee na kuwa mwekundu wote, kisha huliingiza jiko ndani na kufunga madirisha, wakiamini kwamba sasa ni salama. Hewa inayoua haina rangi wala harufu. Hutoka katika makaa hayohayo yaliyokolea, huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, naye husema ni uchovu tu. Sufuria ya maji ambayo wengine huiweka kando ya jiko haisaidii chochote. Daktari alitueleza hayo baada ya mazishi, wakati wajomba zako walipokuwa bado wanatafuta ni nani aliyemroga kijana wa miaka 19. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi chuoni, jambo ambalo nililinung'unikia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Jiko lile lilitoka hapa nyumbani. Mama yako hajui kwamba mtoto aliniomba blanketi mara mbili, nami nikamjibu asubiri hadi parachichi ziuzwe.

Ukionyeshwa chumba, tazama kwanza dirisha kama linafunguka, ndipo uulize kodi. Pika nje au barazani, na jiko lilale hukohuko hata kama mvua inanyesha. Wenyeji wakikuambia kwamba wao wamezoea, waitikie kwa heshima na usiwafuate.

Hapa tunaendelea. Swichi ya jikoni ambayo mdogo wako aliifunga kichwa chini miguu juu alipokuwa anajifunza umeme, mpaka leo tunaiwasha kwa kuibonyeza upande wa juu. Fundi aliyekuja juzi alitaka kuirekebisha, nikamkatalia. Ng'ombe amezaa ndama jike. Parachichi za mwaka huu nimeziuza mapema, na mama yako amelalamika sana juu ya bei, lakini sikutaka kungoja.

Nimenunua mablanketi mawili mazito na kuyafunga ndani ya kiroba cha bluu. Utakapopita hapa Tukuyu kutuaga, yachukue. Usiyatunze kwa ajili ya wageni.

Baba yako