Aksanti, dada wa sambaza

Dada unayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pale Kadutu, jina lako sikuuliza Jumamosi ile. Naomba shukrani hizi zikufikie popote ulipo hapa Bukavu.

Mwanangu ni kiziwi. Kila alipokunja nyusi nilimkaripia: "Usininunie!" Wewe uliweka kipimo chini, ukazungumza naye kwa mikono, kisha ukaniambia: "Mama, hanuni. Anauliza." Katika alama anazotumia, zenye asili ya Marekani, nyusi zikikunjwa ni swali la nani, wapi au kwa nini, zikiinuliwa ni swali la ndiyo au hapana. Kumbe uso nao ni sarufi! Nimemkaripia mtoto miaka yote hiyo kwa kuuliza tu.

Ukanionyesha pia (wateja walisubiri, Mungu awabariki) vidole vimetanuliwa, gumba likigusa paji la uso: baba. Mkono uleule kidevuni: mama. Nimesoma baadaye kwamba William Stokoe, mtaalamu Mmarekani wa lugha ya alama, alieleza mwaka 1960 jinsi umbo la mkono, mahali na mwendo vinavyojenga neno, kama sauti zinavyojenga maneno yetu.

Jana jioni alinitazama, akakunja nyusi, akaonyesha sufuria. Nikamjibu kwa mkono. Aksanti sana, dada.