Projekta za kujitengenezea: vijana waelezwe habari ya mwanga na joto

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maelekezo ya kujitengenezea projekta ya video nyumbani, ambayo siku hizi yanasambaa sana na hufika hata katika kurasa za vijana na teknolojia magazetini. Karibu yote yanafanana: chukua boksi la viatu, litoboe tundu upande mmoja, bandika lenzi ya kukuzia, tia simu ndani, zima taa, na ukuta utageuka sinema. Kijana hufuata kila hatua kwa uaminifu, na anachoambulia ni picha iliyofifia isiyotazamika hata kwa dakika kumi. Hapo hujiona hana mikono ya ufundi, na huenda asijaribu tena kutengeneza chochote, ilhali kasoro imo katika maelekezo aliyopewa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha ikikuzwa mara 10 kwa upana na mara 10 kwa urefu, mwanga uleule hutandazwa katika eneo kubwa mara 100. Tena mwanga wa simu hutawanyika kila upande, kwa hiyo lenzi yenye kipenyo cha sentimita 5 iliyokaa sentimita 22 kutoka kwenye simu hunasa kiasi kisichozidi asilimia 2 ya mwanga huo. Hakuna boksi, hata lipakwe rangi nyeusi namna gani kwa ndani, litakalorudisha kilichopotea.

Projekta inayostahili jina hilo hutenganisha kazi mbili ambazo simu huzibeba pamoja, yaani kuchora picha na kutoa mwanga. Fundi huchukua kioo cha LCD, yaani skrini bapa inayochora picha lakini haitoi mwanga wake yenyewe, tuseme cha inchi 7, akakiondolea taa zake za nyuma pamoja na karatasi nyeupe za kusambazia mwanga, kisha akaweka nyuma yake taa ya LED ya wati 100. Hatua hii inadai utulivu, kwa kuwa karatasi zilizolegea ndizo za kutolewa, lakini utando wa kijivu uliogandishwa kwenye kioo chenyewe, mbele na nyuma, ni polaraiza, yaani kichujio cha mwanga kinachowezesha picha kuonekana, na ukibanduliwa picha hutoweka kabisa. Kati ya taa na kioo hukaa lenzi ya Fresnel, bamba jembamba la plastiki lenye mifuo ya duara, la jamii ile aliyoibuni Mfaransa Augustin Fresnel kwa minara ya kuongozea meli na iliyowashwa kwa mara ya kwanza katika mnara wa Cordouan mwaka 1823. Lenzi hiyo huunyoosha mwanga upite kwenye kioo, na nyingine ya aina hiyohiyo huukusanya uelekee kwenye lenzi ya mbele, ile inayotupa picha ukutani. Lenzi ya mbele ikiwa na fokasi, yaani umbali ambao lenzi hukusanyia mwanga utokao mbali, ya sentimita 20, na kioo kikiwa sentimita 22 nyuma yake, picha hutua sawasawa kwenye ukuta ulio umbali wa sentimita 220, na kioo chenye upana wa sentimita 15 hutoa picha yenye upana wa mita moja na nusu. Asiyejua fokasi ya lenzi yake na aielekeze kwenye mti au jengo la mbali, asogeze karatasi nyuma yake mpaka taswira iwe wazi, kisha apime umbali uliopo kati ya lenzi na karatasi.

Jambo linalonisumbua zaidi, na ambalo waandishi wengi hulipita kimyakimya, ni joto. Kioo cha LCD cha rangi hupitisha chini ya sehemu 10 katika kila 100 za mwanga unaokifikia, na sehemu kubwa ya unaobaki hugeuka joto humohumo ndani. Nimewahi kushika kioo chenye doa la kahawia katikati kwa sababu feni ilisimama na taa ikaendelea kuwaka. Kwa hiyo LED inahitaji bamba la alumini lenye mapezi na feni yake, kioo kinahitaji feni ya pili, na lazima iwepo swichi ya kukata umeme joto linapozidi. Boksi la karatasi halifai kabisa kwa kazi hii.

Yapo pia maelekezo ya zamani yanayopendekeza taa za metali halidi. Hizo huwashwa kwa umeme wa maelfu ya volti, hutoa miali ya urujuanimno inayodhuru macho, na zinaweza kupasuka zikiwa na moto. Kijana aliye peke yake chumbani asishauriwe kuzigusa.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba kila maelekezo ya namna hii yapitiwe kwanza na fundi wa umeme kabla ya kuchapishwa, yataje nguvu ya taa, fokasi ya lenzi na njia ya kupoza, na yale ya boksi na simu yaelezwe wazi kuwa ni jaribio la darasani la kujifunza jinsi lenzi inavyopindua picha.

Wako,
Msomaji na fundi wa vifaa vya elektroniki